Argwings-Kodhek: Wakili wa Wasio na Wakili

Wahenga walinena kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii tumeiandika kwenye insha mpaka imechakaa. Lakini je, umewahi kujiuliza ni nani hasa huyo anayempa mnyonge haki yake? Haki haina miguu. Haiji yenyewe ikabisha mlango wa mabati ikasema hodi. Lazima pawe na mtu wa kuifuata na kuileta. Leo ningependa kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo katika mji wetu wa Nairobi wakati ambapo karibu hakuna Mwafrika mwingine aliyeweza kuifanya.

Kwanza nitawaeleza kisa kilichonisukuma kuandika makala haya. Mwaka juzi jirani yetu mmoja hapa Mukuru kwa Reuben, baba wa watoto wanne, alitoka nyumbani alfajiri kwenda kusimama kwenye geti za viwanda vya Industrial Area kutafuta kibarua, kama wafanyavyo wazazi wengi wa hapa kwetu. Jioni hakurudi. Kumbe alikuwa amenaswa kwenye msako pamoja na vijana ambao hata hakuwajua. Mama watoto alizunguka kutoka kituo kimoja hadi kingine akimtafuta, mtoto mgongoni. Jirani alipofikishwa kortini, mashtaka yalisomwa haraka haraka. Huko seli mtu alikuwa amemnong'onezea kwamba akikubali makosa mambo yataisha upesi aende zake nyumbani. Basi akakubali. Masikini, hakujua kwamba kukubali ni faini, na faini yenyewe haikuwepo. Akaingia ndani miezi mitatu. Alipotoka, kile chumba walichokuwa wakikodi kilikuwa na mpangaji mwingine.

Jambo hilo lilinikera sana. Nilimwendea mwalimu wetu wa Historia nikamwuliza: kama mambo ni hivi katika Kenya huru yenye katiba mpya, wakati wa mkoloni watu wetu walikuwa wanaponea wapi? Mwalimu hakunijibu moja kwa moja. Aliniuliza kama naijua barabara ya Argwings Kodhek. Nikasema naam, naijua, ni ile inayopitwa na matatu namba 46 za kwenda Kawangware, inayopita Nairobi Hospital na Hurlingham hadi Yaya Centre. Akaniuliza tena Argwings-Kodhek alikuwa nani. Hapo nikabaki mdomo wazi. Nina hakika hata wewe msomaji ungebaki hivyo hivyo. Ndiyo maana nikaenda kutafuta habari zake, na haya ndiyo niliyoyapata.

KUZALIWA NA MASOMO

Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, katika sehemu ya Nyanza ambayo siku hizi ni Kaunti ya Siaya. Watu wengi walimjua kwa herufi tatu, C.M.G. Mwanzoni herufi hizo zilisimamia majina ya kizungu, Clement Michael George. Baadaye yeye mwenyewe aliyaacha, akazihifadhi herufi zile zile lakini akazipa maana ya kwao: Chiedo More Gem. Hata jina tu, msomaji, alilitetea.

Alisoma kwa wamisionari Wakatoliki huko Yala, kisha akavuka mpaka kwenda Kisubi na baadaye Chuo cha Makerere nchini Uganda. Siku hizo kijana wa Kenya aliyefika Makerere alikuwa amefika kilele. Chuo kikuu hapa kwetu hakikuwepo. Alirudi akawa mwalimu kwa miaka kadhaa. Naam, walimu wetu wapendwa, wakili huyu alianza kama ninyi, na chaki mkononi.

Mwaka 1947 alipata msaada wa serikali kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Wales, huko Uingereza. Serikali ya kikoloni ilitaka arudi awe mwalimu mwenye elimu ya juu, basi. Mwalimu hakuwasumbua wakoloni sana, maana walidhibiti shule na mishahara. Mwanasheria lakini alikuwa mtu wa kuogopewa. Mkoloni alitawala kwa sheria. Ardhi ilichukuliwa kwa sheria, kipande kilivalishwa watu shingoni kwa sheria, kodi ilitozwa kwa sheria. Mwafrika ambaye angeisoma sheria hiyo hiyo na kuielewa mpaka chini angekuwa ameiba ufunguo wa nyumba. Argwings-Kodhek alijiunga na Lincoln's Inn mjini London, mahali wanapofundwa mawakili, na mwaka 1951 akafuzu. Akawa wakili wa kwanza Mwafrika kutoka Kenya.

NAIROBI YA MAFUNGU MATATU

Alirejea nyumbani mwaka 1952 akiwa na mke Mzungu, Mavis Tate, mwenye asili ya Ireland. Jamani, hebu fikiria kishindo chake! Nairobi ya siku hizo iligawanywa mafungu matatu. Wazungu walikaa Muthaiga, Kilimani, Lavington na huko Hurlingham. Wahindi walikaa Parklands, Ngara na Eastleigh. Waafrika walisukumwa huku kwetu Eastlands: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Bahati. Mume Mwafrika na mke Mzungu wangekaa fungu gani? Kila upande waliangaliwa kama kioja. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza nyumbani: kwamba shahada ya London haikumwondolea mtu rangi machoni pa mkoloni.

Somo la pili lilikuja upesi. Alipewa nafasi ya kazi katika afisi ya Mwanasheria Mkuu wa serikali. Kazi nzuri, afisi nzuri, kiti cha kuzunguka. Lakini mshahara aliotajiwa ulikuwa wa chini sana kuliko wa Mzungu mwenye masomo yale yale. Wengi wetu tungesema ndege mmoja mkononi ni bora kuliko kumi mtini. Yeye alikataa. Akaamua kufungua afisi yake mwenyewe ya uwakili hapa Nairobi.

Tafadhali msomaji usilipite jambo hili mbio. Angekubali ile kazi, angekuwa upande wa serikali, akiwashtaki watu wake. Kwa kukataa mshahara wa dharau, alijikuta amesimama upande wa pili wa korti, upande wa washtakiwa. Na washtakiwa walikuwa wakija kwa maelfu.

HALI YA HATARI

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Usiku huo huo Jomo Kenyatta na viongozi wengine wakakamatwa. Vita vya Mau Mau vikapamba moto, na sheria za kikoloni zikawa kali kama wembe. Kunyongwa hakukuwa tena adhabu ya muuaji peke yake. Mtu aliweza kunyongwa kwa kupatikana na bunduki, au hata risasi moja tu isiyo na kibali. Aliweza kunyongwa kwa kulisha watu kiapo, au kwa kupatikana pamoja na wapiganaji. Mahakama maalum zilianzishwa mwaka 1953 ili kesi ziende mbio. Mpaka vita vikaisha, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa, na walio wengi hawakuhukumiwa kwa mauaji bali kwa hayo makosa mengine.

Sasa jiweke mahali pa mshtakiwa. Wewe ni kijana kutoka kijijini, hujui Kiingereza. Jaji ni Mzungu, kiongozi wa mashtaka ni Mzungu, yule anayesema alikukuta na risasi ni askari. Katikati yupo mkalimani, na maisha yako yote yametundikwa kwenye ulimi wake. Akikosea neno moja, shingo yako ndiyo inayolipa. Je, si ungetaka mtu mmoja tu, mmoja basi, anayeijua ile lugha ya sheria na anayekuona wewe kama mtu?

Mawakili wa kuwasimamia Waafrika walikuwa wachache mno. Hata kesi ya Kenyatta na wenzake watano huko Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa 1952 na kuamuliwa Aprili 1953, ilibidi watetezi watafutwe kila pembe ya dunia. Kiongozi wao D. N. Pritt alitoka Uingereza, H. O. Davies akatoka Nigeria, Chaman Lall akatoka India, naye Dudley Thompson alikuwa Mjamaika. Waliungana na mawakili wa hapa wenye asili ya bara Hindi, akina A. R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Hawa walifanya kazi ya kishujaa na tusiwasahau. Lakini hiyo ilikuwa kesi ya watu mashuhuri, dunia nzima ikitazama. Yule kibarua wa Pumwani au mkulima wa Murang'a aliyekamatwa na risasi moja, nani angepanda ndege kutoka London kuja kumtetea?

Hapo ndipo Argwings-Kodhek alipoingia. Alianza kuchukua kesi za watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau, watu ambao wengi wao hawakuwa na kitu cha kumlipa. Walowezi walimpachika jina la wakili wa Mau Mau. Wao walidhani wanamtusi. Kwa wananchi lilikuwa sifa. Na kumbukeni kwamba yeye alikuwa Mjaluo kutoka Gem, na wengi wa aliowatetea walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Ninawaambia wanafunzi wenzangu hasa, sisi tunaosikia maneno ya ukabila kila wakati wa uchaguzi unapokaribia: mtu huyu hakuuliza mshtakiwa anatoka ng'ambo gani ya mto.

Pengine utauliza wakili mmoja angefanya nini mbele ya sheria kali namna ile. Sheria ilikuwa mbaya, ndiyo, lakini hata sheria mbaya ina masharti yake, na kazi ya wakili ni kuyashikilia kwa meno. Ile risasi ilipatikana wapi hasa, mfukoni mwa mshtakiwa au shambani ambako yeyote angepita? Mashahidi wawili wanasema jambo moja au kila mmoja ana lake? Yale maneno ya kukubali makosa aliyatoa kwa hiari, au alipigwa kwanza? Na akihukumiwa, ipo mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki, na juu yake kuna baraza la London. Mshtakiwa wa peke yake hajui hata moja kati ya hayo. Mwenye wakili anajua yote. Tofauti ya hao wawili iliweza kuwa kamba.

Tena kulikuwa na ukuta mwingine ambao watu wengi hawaujui. Kesi nyingi za Waafrika hazikufika hata kwa majaji hao. Zilisikilizwa kwenye mahakama za Waafrika, na huko mawakili hawakuruhusiwa kusimama kabisa. Ati kesi za Waafrika ni ndogo, wataelewana wenyewe! Mfumo huo wa mahakama za namna mbili ulidumu hadi baada ya uhuru, ukafutwa mwaka 1967.

OPERESHENI ANVIL YAFIKA EASTLANDS

Wazee wa Eastlands hawausahau mwaka 1954. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili, wanajeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi. Operesheni hiyo iliitwa Anvil. Nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje wakakalishwa chini. Watu waliovaa magunia yenye matundu ya macho walipita wakitingisha kichwa. Kichwa kikitingishwa mbele yako, basi, umekwisha. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kwenye kambi za kizuizini kama Mackinnon Road na Manyani.

Tofauti ya kizuizini na jela ni hii: wa jela alisomewa kesi. Wa kizuizini hakusomewa chochote. Huko hata wakili hodari kama Argwings-Kodhek hakuwa na mlango wa kuingilia, kwa sababu hapakuwa na kesi ya kutetea. Nadhani ndipo alipoona kwamba koti la korti halitoshi. Sheria zinatungwa mahali pengine, na Mwafrika lazima afike mahali hapo.

Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1953. Mwaka 1955 serikali ililegeza kamba kidogo, ikaruhusu vyama vya Waafrika lakini vya wilaya tu, visivuke mpaka. Argwings-Kodhek alijaribu kusajili chama cha nchi nzima. Kikakataliwa. Basi akaunda chama cha wilaya ya Nairobi, kilichoitwa Nairobi District African Congress, na mitaa yetu ya Eastlands ikawa ndiyo uwanja wake.

Machi 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima, na kupiga kura kulitegemea elimu, mali au kazi ya mtu. Wengine walikuwa na kura zaidi ya moja. Nairobi wakakutana vigogo wawili: wakili Argwings-Kodhek na kijana wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya. Mboya akashinda kwa kura chache, hazikufika mia tano. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na wakili wetu alibaki katika siasa hadi bendera ya uhuru ikapandishwa Desemba 1963.

UWAZIRI NA MASWALI YAKE

Mwaka 1963 watu wa Gem walimpeleka Bungeni kwa tikiti ya KANU. Akapanda ngazi serikalini hadi akawa waziri, na mwishowe Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Mtoto wa Gem aliyetajiwa mshahara wa dharau sasa akawa mdomo wa Kenya mbele ya mataifa.

Lakini makala ya kweli hayawi sifa tupu, kwa hivyo nitalisema na lile gumu. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alitoka KANU akaunda chama cha KPU. Argwings-Kodhek alibaki serikalini. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyoirudishia serikali uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi. Ni mlango ule ule wa Manyani, umepakwa rangi mpya. Mtu ambaye ujana wake aliutumia kupambana na mambo hayo alikuwa ameketi upande wa waliofanya hivyo. Katika chama chetu cha Kiswahili tulibishana sana juu ya jambo hili. Wengine walisema angejiuzulu. Wengine wakasema aliye ndani ya nyumba ndiye anayeweza kuzuia ukuta usianguke. Mimi nadhani binadamu ni binadamu. Wema alioufanya mwaka 1954 haufutiki, na swali la mwaka 1966 nalo halifutiki. Kila msomaji apime mwenyewe.

KIFO CHAKE

Tarehe 29 Januari 1969 usiku, akiwa garini karibu na Hurlingham hapa Nairobi, Argwings-Kodhek alifariki dunia. Hakuwa hata amefika miaka 50. Habari ya serikali ilikuwa kwamba ni ajali ya barabarani. Watu wengi hawakuamini. Minong'ono kwamba alipigwa risasi ilianza na haijakoma mpaka leo. Wasiwasi huo haukuzuka hivi hivi. Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake hapa Nairobi mwezi Februari 1965. Na miezi mitano baada ya kifo cha Argwings-Kodhek, tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, yule yule aliyeshindana naye 1957, aliuawa kwa risasi mchana kweupe katikati ya mji.

Kiti chake cha Gem kilipiganiwa Mei 1969, na Wasonga Sijeyo wa KPU akakitwaa. Hakukikalia hata mwaka. Mwezi Oktoba KPU ikapigwa marufuku na Sijeyo akawekwa kizuizini bila kesi, akakaa huko miaka mingi. Tazameni mambo yalivyozunguka: kiti cha wakili wa waliozuiliwa kilirithiwa na mtu aliyezuiliwa.

Serikali ikaipa ile barabara jina lake. Wakati wa ukoloni huko kulikuwa upande wa Wazungu, ambako Mwafrika alionekana akiwa mpishi, mtunza bustani au mlinzi. Leo magari yanapita, watu wanatamka jina hilo kila saa wakiulizana nauli, na wengi hawajui lilikuwa la nani.

NA SISI HUKU MUKURU?

Basi nilipomaliza kutafuta habari hizi nilijiuliza zinatuhusu nini sisi. Neno mukuru kwa Kikuyu ni bonde, na kweli tuko bondeni, kandokando ya Mto Ngong, chini ya moshi wa viwanda. Huku kesi hazituishi. Leo ni notisi ya kubomoa, kesho ni kibarua aliyekatwa kidole na mashine akafukuzwa bila fidia, keshokutwa ni kijana aliyebebwa kwenye msako. Oktoba na Novemba 2021 majirani zetu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba, maelfu wakalala nje mvua ikinyesha.

Tofauti ni kwamba leo tuna karatasi ambayo watu wa mwaka 1954 hawakuwa nayo. Katiba ya 2010, kwenye ibara ya 48, inaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kama kuna ada, isiwe ya kumzuia mtu. Ibara ya 49 inasema aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa kama korti imefungwa, ndipo itangojewa siku inayofuata ya kazi. Ibara ya 50 inasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo kumkosa kungemletea dhuluma kubwa. Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ili mambo hayo yawe na mikono na miguu.

Yule jirani yetu hakuyajua haya. Hakuna aliyemwambia kwamba kukubali makosa si njia ya mkato ya kwenda nyumbani. Hakuhitaji profesa wa sheria. Alihitaji mtu mmoja wa kumwambia maneno mawili: usikubali usilolifanya. Neno la bure lingemwokoa miezi mitatu.

Na sasa nitawaambia jambo lililonifurahisha kuliko yote. Lipo shirika linaloitwa Kituo cha Sheria, lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo huwasaidia maskini kwa mambo ya sheria bila malipo na kuwafundisha raia wa kawaida wa mitaa kama yetu kuwa wasaidizi wa sheria. Afisi zake kuu zimekuwa kwa miaka mingi kwenye Ole Odume Road. Unajua barabara hiyo inachepukia wapi? Inatokana na Argwings Kodhek! Kwa hivyo mnyonge wa Nairobi anayetafuta wakili wa bure, akielekezwa njia, anaambiwa ashike barabara ya Argwings-Kodhek. Nani aliyepanga hivyo? Labda ni bahati tu, lakini mimi nadhani marehemu angetabasamu.

Wanafunzi wenzangu, si lazima wote tuwe mawakili. Mwalimu wetu anasema ada ya chuo cha sheria si mchezo. Lakini kila mmoja wetu hapa anajua kusoma, na nyumbani wapo wazazi wasiosoma. Karatasi ya korti ikiletwa, isome kwa makini, uwaeleze kwa Kiswahili chepesi. Tarehe ya kesi waandikie ukutani kwa chaki. Mtu akikamatwa, wakumbushe zile saa 24. Chama chetu kimepanga kuziandika ibara hizi tatu kwa lugha nyepesi na kuzibandika kwenye ubao wa matangazo langoni, na mzazi yeyote anakaribishwa kuja kuzinakili. Jirani yetu, yule aliyefungwa, ndiye aliyetuletea misumari na nyundo.

Basi siku nyingine ukipanda matatu namba 46, ukisikia kondakta akilitaja jina hilo, usikae kimya. Mweleze aliye kando yako huyo alikuwa nani. Mungu ailaze roho yake mahali pema.